Rweya Ikishaungua: Mazungumzo na Wafugaji wa Bumbire

Najua wengine mitumbwi inawasubiri, kwa hiyo naanza na swali nililoulizwa kabla hata sijakaa: moto kichaa ukishapita kwenye rweya, ng'ombe warudi lini?

Warudi baadaye kuliko macho yanavyotuambia. Majani mabichi yanaweza kuchomoza siku chache tu baada ya moto, hata kabla mvua haijanyesha, na ng'ombe mwenye njaa akiyaona hazuiliki. Lakini majani hayo hayajaota kwa nguvu ya udongo. Yameota kwa akiba iliyobaki kwenye mizizi na chini ya shina. Nyasi za kudumu huweka akiba hiyo wakati wa mvua, kama sisi tunavyoweka nafaka ndani. Moto wa nyasi hupita haraka, joto lake jingi hupanda juu, na udongo wa chini kidogo tu haupati moto mkali. Ndiyo maana shina linabaki hai. Ng'ombe akikata machipukizi ya kwanza, nyasi hutoa akiba tena. Akikata mara ya pili na ya tatu, hakuna kilichobaki cha kutoa. Shina linakufa, na mahali pake panaota magugu ambayo ng'ombe hayataki.

Hili nalisema kwa aibu kidogo, maana nilipokuwa kijana katika kazi hii, upande wa bara, niliwahi kumwambia mfugaji mmoja arudishe ng'ombe wiki tatu baada ya moto. Rweya ilikuwa kijani, inapendeza. Ng'ombe walinenepa mwezi ule, yule mzee akanishukuru kwa jogoo. Mwaka uliofuata nilipopita, kilima kilikuwa na mabaka ya udongo mtupu, na maji ya mvua yalikuwa yameshachora mifereji. Jogoo nilikuwa nimeshamla zamani.

Kwa hiyo tunakwenda na kipimo gani? Kama moto umepita Julai au Agosti, ambao ndio wakati wa hatari zaidi kwa sababu nyasi zimekauka kabisa, acheni mvua za vuli zipite zote. Nyasi zifike magotini na zianze kutoa mbegu. Zikifika hapo, ingizeni ng'ombe wachache kwa siku chache, na waondoeni nusu ya majani ikiwa bado imesimama. Kama moto ulikuwa wa kufukuta, ule unaokaa kwenye magogo, kwenye samadi kavu au pembezoni mwa mafunjo, hapo mizizi yenyewe imeungua. Sehemu hiyo ipumzike mpaka baada ya masika ya mwaka unaofuata, na huenda mkalazimika kupanda nyasi upya.

Kujua kama shina li hai hakuhitaji mtaalamu. Chimbueni shina moja, lipasueni kwa panga. Ndani pakiwa peupe na penye unyevu, li hai. Pakiwa pa kahawia na pakavu kama kijiti cha kuwashia moto, limekufa. Mkitaka kujua hali ya kilima kizima, tembeeni hatua mia moja kwa mstari mmoja, na kila hatua mtazame ncha ya kidole cha mguu imegusa nini: nyasi hai, gugu, au udongo mtupu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuhesabu. Udongo mtupu ukizidi nusu, msibishane tena, mahali hapo pafungwe.

Nalisisitiza hili la udongo kwa sababu ya mvua zetu. Mwambao wa Bukoba hupata karibu milimeta 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo ikikuta mteremko hauna nyasi, inachukua majivu kwanza, halafu udongo. Wapo wanaosema majivu ni mbolea. Ni kweli kwa sehemu, yana madini ya kufaa. Ila naitrojeni, ambayo nyasi inaihitaji sana, imeshapaa na moshi, na majivu yenyewe yakisombwa na maji hayamsaidii mtu. Kateni matawi yaliyoungua nusu, yalazeni kukingama mteremko, mawe nayo yapangwe hivyo hivyo. Msiyachome mara ya pili ili pawe pasafi. Usafi wa namna hiyo una gharama.

Sasa tuje kwa mifugo wenyewe. Ng'ombe aliyepita kwenye moto anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Mtazameni miguu kila siku kwa muda wa wiki mbili, hasa pale ngozi inapokutana na kwato. Akianza kuchechemea, pakivimba au kutoa maji, kwato linaweza kubanduka. Mtazameni kiwele na chuchu pia. Jike mwenye chuchu zilizoungua humpiga teke ndama, maziwa yanakaa, kiwele kinaugua, na ndama anakufa kwa njaa huku mama yake ana maziwa. Mama mmoja mmoja hapa ndiye anayekamua, kwa hiyo ninyi ndio mtakaoliona hili kabla ya baba. Poozeni majeraha kwa maji safi ya baridi mapema iwezekanavyo, msipake mafuta ya kupikia wala mavi ya ng'ombe, na mwiteni afisa mifugo. Aliyevuta moshi mwingi atakohoa, asiswagwe mbali. Aliyeungua sana kiasi cha kutopona, ni huruma na ni hesabu nzuri kumchinja mapema, nyama ikaguliwe.

Chakula ndiko penye maumivu zaidi, na sisi wa kisiwani hatuna njia ya wenzetu wa bara. Wao moto ukila malisho huhamia kijiji cha pili. Sisi tukihama kidogo tunakuta ziwa. Kwa hiyo tazameni nyumbani. Migomba iliyokwisha kuvunwa ikatwekatwe na kulishwa, lakini mgomba ni maji mengi, haumshibishi ng'ombe peke yake. Changanyeni na marando ya viazi vitamu, mabua ya mahindi, majani ya maharage. Majani ya mihogo yaanikwe yanyauke vizuri kwanza, maana yakiwa mabichi yana sumu, hasa ya mihogo michungu. Chungeni pia lantana, ile yenye maua ya rangi rangi. Siku za kawaida ng'ombe huipita, akiwa na njaa huila, na ikimdhuru ini ngozi yake huchubuka juani.

Na kama hesabu ya chakula haitoshi, uzeni mapema. Dume lililonona Agosti ni fedha. Dume hilo hilo Oktoba, mbavu zikihesabika, mnunuzi ndiye anayepanga bei, na bado mna gharama ya kulivusha. Kumbukeni kibali cha kusafirisha mifugo kabla hamjalipandisha mtumbwini. Najua kuuza kunauma. Lakini rweya haiwezi kupona ikiwa idadi ya midomo ni ile ile na eneo limebaki nusu.

Kuna wanaochoma kwa makusudi wakisema wanaua kupe. Kupe walio juu ya nyasi wanaungua, ndiyo. Walio kwenye nyufa za udongo na walio masikioni mwa ng'ombe wenu hawaungui. Tena baada ya moto ng'ombe wote husongamana kwenye kipande kimoja kilichosalia, na kupe na minyoo navyo husongamana hapo hapo. Hicho ndicho kipindi cha kuogesha bila kuruka zamu, maana ndigana kali haisubiri nyasi ziote.

Jambo gumu kuliko yote si la nyasi. Ni hili: mimi nikifunga ng'ombe wangu rweya ipone, jirani akaingiza wake usiku, nimepata nini? Hasara tu, na hasira. Kupumzisha malisho hakuwezi kuwa uamuzi wa mtu mmoja kwenye ardhi ya wote. Wenye asili ya Usukuma waliomo humu wanaijua ngitili. Kule Shinyanga ardhi ilikuwa imechakaa kweli kweli. Mpango wa serikali wa HASHI ulioanza mwaka 1986 haukuja na desturi mpya, uliwarudisha watu kwenye desturi yao ya kufunga malisho wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Vijiji viliweka mipaka, vikaweka faini, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya hekta 300,000 zilirudishwa kuwa ngitili. Ardhi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu alijua mpaka uko wapi na faini ni kiasi gani. Serikali ya kijiji inaweza kuliandika hilo kwenye sheria ndogo. Mkilikubali, andikeni pia zamu ya wale ambao malisho yao yote yameungua kulisha kwenye kipande cha waliosalimika, kwa siku zinazohesabika. Mwakani upepo unaweza kugeuka.

Mzee mmoja ameniuliza pembeni: tukifunga nyasi zikawa ndefu, si tunaandaa moto mwingine? Swali zuri, na Serengeti imelijibu. Chanjo ya sotoka kwa ng'ombe wa pembezoni iliuondoa ugonjwa huo kwa nyumbu miaka ya 1960. Nyumbu walikuwa kama robo milioni, wakafika zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970, na kadiri walivyokula nyasi, ndivyo eneo lililoungua kila mwaka lilivyopungua. Nyasi iliyoliwa haiungui. Kwa hiyo eneo lililofungwa lizungushiwe barabara ya moto, palimwe upana wa hatua kumi kabla ya Juni kwisha, na kando ya barabara hiyo ndipo ng'ombe walishwe hadi nyasi ziwe fupi. Ng'ombe ndiye anayefyeka.

Miti nitaigusa tu. Nyasi hurudi msimu mmoja, mti hauna haraka hiyo. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliunguza zaidi ya kilometa za mraba 90, na vichaka vya juu kule huchukua miaka mingi kurudi. Miti ya vivuli na ya chemchemi msiikate kwa kuwa imeonekana nyeusi. Kwangueni gome kidogo: chini yake pakiwa kijani, iacheni mpaka masika.

Maneno yametosha. Aliyeleta jembe na panga atangulie, tukapasue mashina matatu pale mteremkoni kabla jua halijawa kali, na watoto waje wahesabu hatua.