Kasha la Chuma na Riziki ya Mfanya Kazi



Neno letu la leo ni hili: kampuni zikishindana, mfanya kazi anasimama wapi? Kila mara twamsikia tajiri akisema, "Soko limebadilika, hatuna budi kupunguza watu." Neno hilo si uwongo siku zote, wala si kweli siku zote. Yatupasa kulijua jambo lenyewe, ili tukikaa mezani kwa mapatano tusiwe kama vipofu. Mfano wetu ni wa bandarini, lakini ndugu wa kiwandani, wa reli na wa dukani ataona kuwa mambo ni yale yale.

Zamani mzigo ulipakiwa kwa mgongo wa mtu. Gunia la kahawa, bunda la katani, sanduku la chai, kila kimoja kilishikwa kwa mkono, kikatiwa wavuni, kikainuliwa kwa winchi, kikapangwa tena katika tumbo la meli. Meli ilikaa gatini siku nyingi, na siku hizo ndizo zilizokuwa riziki ya kuli. Lakini kwa mwenye meli zilikuwa hasara, maana meli iliyofungwa gatini haichumi kitu.

Aliyeshika jambo hilo hakuwa baharia. Alikuwa tajiri wa malori huko Marekani, jina lake Malcom McLean. Mwaka 1955 alinunua kampuni ya meli, na tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makasha 58. Kasha lilitoka kwenye lori likaingia melini bila kufunguliwa. Kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola 6. Kwa kasha, senti 16 hivi. Ndugu, hapo mashindano yalikuwa yamekwisha amuliwa. Kampuni zilizochelewa zilimezwa, na bandari zilizochelewa zilikufa. Magati ya Manhattan hayakuwa na nafasi ya kupanga makasha, basi kazi ikahamia ng'ambo, New Jersey. Mjini London magati ya zamani yalifungwa moja baada ya moja, tangu 1967 hata 1981, na mizigo ikaenda Tilbury na Felixstowe. Mitaa mizima iliyoishi kwa kazi ya meli ikabaki kimya.

Lakini msidhani kuwa mwenye akili jana ni mwenye akili siku zote. Kampuni aliyoianzisha McLean, Sea-Land, ilijenga meli 8 za mbio sana, zenye kwenda maili za bahari 33 kwa saa. Mara, mwaka 1973, bei ya mafuta ikaanza kupanda hata kufika mara nne, na meli hizo zikawa mzigo. Mwishowe zikauzwa kwa jeshi la majini la Marekani. McLean mwenyewe alinunua kampuni nyingine, United States Lines, mwaka 1978. Safari hii akajenga meli 12 kubwa mno za mwendo wa polepole, ili kuokoa mafuta. Zilipoanza kazi, bei ya mafuta ikaanguka! Novemba 1986 kampuni ikafilisika, na watu maelfu wakakosa kazi.

Twajifunza nini? Kwamba tajiri naye hubahatisha. Akipata, faida ni yake. Akikosa, mshahara unaokatika ni wetu. Kwa hiyo akisema "soko limebadilika", tumwambie, "Tuonyeshe hesabu."

Sasa tazameni wenzetu. Makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, wakiongozwa na Harry Bridges, waliona kuwa mashine haizuiliki milele. Mwaka 1960 walipatana na matajiri: mashine iingie, lakini faida yake igawanywe. Matajiri walitoa dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko wa wafanya kazi. Mwanachama kamili hakufukuzwa kwa sababu ya mashine, na mzee wa miaka 65 aliyefanya kazi miaka 25 alipata kiinua mgongo cha dola 7,900 hivi. Huko New York nako, chama kilipata ahadi ya malipo ya saa 1,600 kwa mwaka, kazi iwepo isiwepo.

Hata hivyo mapatano ya magharibi yalikuwa na tundu: vibarua wasio wanachama kamili waliachwa nje. Kazi ya kujaza makasha nayo ilianza kupelekwa mbali na bandari, kwa watu wengine. Mwaka 1971 ilibidi wagome, na mgomo huo ulikuwa wa siku 134.

Nasi hapa Kenya? Machi 1955 makuli wa Mombasa waligoma, na Tom Mboya akashuka kutoka Nairobi kusaidia mapatano. Siku hizo wingi wa mikono ulikuwa silaha. Leo kreni moja inashika kazi ya makundi. Tena mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba mizigo iende Nairobi kwa reli mpya. Madereva, watu wa yadi, mafundi na mama wa vyakula njiani waliona riziki ikipita juu ya vichwa vyao, na watu wa Mombasa wakaandamana. Amri ikaondolewa 2022. Basi soko halibadilishwi na upepo. Mara nyingine hubadilishwa kwa kalamu, na kalamu husikia sauti ya wengi.

Kwa hiyo tunaagiza mambo manne. Kwanza, tudai habari ya mashine mpya kabla haijaagizwa, si baada ya kushushwa. Pili, anayeondolewa kazi moja afundishwe nyingine kwa gharama ya tajiri. Tatu, kibarua aandikwe chamani leo, maana atakayeachwa nje ndiye atakayetumiwa kutuvunja. Nne, tushikane mikono na wenzetu wa Dar es Salaam. Bandari hizi mbili zinagombea mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo, na tajiri wa huku atatutisha kwa mshahara wa kule, na wa kule atawatisha kwa wetu.

Kampuni na zishindane kwa meli na kwa bei. Zisishindane kwa njaa ya watoto wetu.

Umoja ni nguvu.