Sifa Nazo ni Siasa: Msanii, Dola na Haki ya Kukosoa



Mara kwa mara wasanii wetu huambiwa waburudishe, siasa wawaachie wenyewe. Hoja yangu jioni hii ni kwamba agizo hilo halijawahi kutolewa kwa haki. Nyimbo za kuwasifu watawala zimepigwa redioni na majukwaani miaka nenda miaka rudi, zikahesabiwa kuwa uzalendo. Kapteni John Komba aliiongoza Tanzania One Theatre kukiimbia Chama Cha Mapinduzi, kisha akawa mbunge wa chama hichohicho. Hiyo ilikuwa haki yake. Lakini tukishakubali kuwa sauti yake ilikuwa halali, tumekwisha kukubali kuwa msanii ana nafasi katika siasa. Linalobaki ni kueleza kwa nini anayekosoa apimwe kwa mizani nyingine.

Tazameni yaliyotokea Machi 2017. Msanii Nay wa Mitego alikamatwa na polisi kwa sababu ya wimbo wake wa ukosoaji, "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Siku moja baada ya kukamatwa kwake, waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, alitangaza kuwa Rais Magufuli ameupenda, ameagiza mwimbaji aachiwe na wimbo upigwe, tena auboreshe kwa kuwataja wengine, wakiwemo wakwepa kodi. Wengi walishangilia. Mimi naona hapo ndipo penye hatari. Wimbo uliokuwa kosa Jumapili ulikuwa halali Jumatatu, na hakuna mahakama iliyosema kosa lilikuwa lipi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Haiuwekei uhuru huo sharti la kumpendeza mkubwa. Mwezi uliofuata, Roma Mkatoliki, msanii aliyejulikana kwa ukosoaji, alitekwa pamoja na wenzake studio jijini Dar es Salaam, wakapatikana baada ya siku tatu. Anayeachiwa kwa hisani leo hana cha kumkinga kesho.

Wapo wanaosema umaarufu si elimu, na kwamba mashabiki humfuata nyota bila kupima maneno yake. Ni kweli kuwa kuimba vizuri hakumfanyi mtu mjuzi wa bajeti. Lakini kuna ujuzi usiokaa ofisini. Siti binti Saad, katika Unguja ya ukoloni, aliimba kisa cha Kijiti: mwanamke aliuawa, mtuhumiwa, huyo Kijiti, akatorokea bara, adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Hukumu ile iliwekwa mbele ya watu ambao wasingeisoma katika jalada lolote. Remmy Ongala naye alihimiza kondomu katika wimbo wake "Mambo kwa Soksi" wakati ukimwi ukiua, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Katika jambo lile, mwanamuziki aliona mbali kuliko waliomzibia redio.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: msanii hukodiwa, na shabiki hajui kama anasikia imani au mkataba. Hili silipuuzi, kwa kuwa anayeuza sauti yake kimyakimya anamdanganya anayemwamini. Hata hivyo dawa yake si marufuku. Marufuku humnyamazisha anayesema bure na kumwacha anayelipwa na wenye nguvu. Dawa ni uwazi: anayelipwa kupanda jukwaa la kampeni atangaze hivyo, awe wa chama tawala au wa upinzani.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Baraza la Sanaa lilee sanaa, lisihukumu maudhui ya kisiasa. Aliyekashifiwa aende mahakamani, athibitishe madai yake kama raia mwingine yeyote. Nasi wasomi tuache kuwaomba wasanii wanyamaze. Tuwadai ukweli wa wanachoimba, kisha tusimame nao wanapoandamwa kwa kuuimba, hata pale ambapo wimbo wenyewe hautupendezi.