Mboga za Kiangazi kwa Ndoo na Utambi
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Mtumba, Dodoma

Leo hatutafungua kitabu. Tutazungumza juu ya mboga, maji, na mahali pa kuotesha mboga. Lakini daftari na kalamu viwe karibu, maana mbele kuna hesabu.

Tuanze na hali yetu wenyewe. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili. Kwa mwaka mzima huwa kama milimita 550 hadi 600 tu. Kuanzia Mei mpaka Novemba hatuna mvua ya kutegemea. Miezi hiyo upepo unavuma, jua linachoma, na mlenda wa porini umekwisha.

Wagogo walilijua jambo hili tangu zamani. Ndiyo maana akina mama huchuma mlenda wakati wa mvua, huukausha, huutwanga na kuuweka akiba. Hiyo ni akili kubwa, na hatusemi iachwe. Ila jua linalokausha majani huharibu vitamini C, na vitamini A nayo hupungua sana. Ukikausha kivulini hasara inakuwa ndogo, lakini ipo. Mtoto anayekua na mama mjamzito wanahitaji majani mabichi pia, hata mwezi wa Septemba.

Jambo la pili ni ardhi. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Wengi wetu tulisikia habari hiyo kama jambo la mbali. Aprili 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa hapahapa Mtumba, na mbali pakawa mlangoni. Barabara zimekuja, kazi zimekuja, na vipimo vya viwanja vimekuja. Mahali ambapo mtu alilima mtama na karanga, leo pana mambamba ya viwanja. Wako wenzetu waliobaki na nyumba na ua tu. Sasa mama mwenye ua wa hatua kumi kwa kumi, na maji ya kununua kwa dumu, atapata wapi mboga?

Huko mijini, na katika nchi za nje, madukani wanauza vyungu vya plastiki vya kupandana. Kimoja kinakaa juu ya kingine, na chini kuna tangi dogo la maji. Wanaviita vyungu vinavyojinywesha. Ukivitazama utadhani ni ufundi mkubwa. Siyo. Siri yake iko katika kitu mlichokizoea tangu utoto, nacho ni koroboi.

Fikirini koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu. Nani anayapandisha mafuta? Ni utambi. Nyuzi za pamba zimebanana, na katikati ya nyuzi kuna nafasi nyembamba sana. Mafuta hupanda katika nafasi hizo yenyewe. Maji nayo ni hivyohivyo. Chovya ncha ya kanga kuukuu katika bakuli la maji, uache sehemu nyingine ikining'inia nje. Baada ya muda utaona unyevu umepanda. Na udongo nao una nafasi ndogo katikati ya chembe zake, kwa hiyo huyapokea maji kutoka kwa utambi na kuyapeleka kwenye mizizi. Mmea ukinywa, maji mengine yanapanda. Ukiacha kunywa, yanatulia. Hayo ndiyo yote, jamani. Hakuna mashine.

Kuna njia ya zamani kuliko hii. Chungu cha udongo hufukiwa shambani mpaka shingoni, hujazwa maji na kufunikwa. Chungu hutoa jasho, kama mtungi wetu wa maji ya kunywa, na mimea iliyopandwa pembeni hunywa jasho hilo. Wachina waliiandika njia hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwenye mtungi wenye ufa mdogo juu asiutupe.

Haya, sasa tutengeneze chetu. Chukua ndoo mbili za plastiki za lita 20. Zilizokuwa na mafuta ya kula ni nzuri. Zilizokuwa na dawa ya kuulia wadudu hapana, hata ukiziosha mara mia. Ndoo za rangi zimejaa kila panapojengwa, na tunajua mtu ataziona ni za bure. Kwa chakula hatuzishauri. Ziwe za kuchotea mchanga.

Ndoo ya kwanza ni tangi. Weka ndani yake kipande cha tofali kilicho bapa, ili ndoo ya pili ikiingia isishuke mpaka chini. Ibaki nafasi ya vidole vinne hivi kwa ajili ya maji. Ndoo ya pili itoboe matundu kama kumi kitakoni kwa msumari wa moto, na tundu moja kubwa katikati. Katika tundu hilo kubwa pitisha utambi, yaani kitambaa cha pamba kilichosokotwa, kinene kama dole gumba. Nusu ining'inie mpaka chini ya tangi, na nusu isimame ndani ya udongo. Nguo za nailoni hazifai, hazinywi maji vizuri. Loweka utambi kwanza kabla ya kuupitisha, maana utambi mkavu huchelewa kuanza kazi.

Kisha simamisha kipande cha bomba au mwanzi uliotobolewa vifundo, kutoka juu mpaka ndani ya tangi. Hapo ndipo utakapomiminia maji. Mwisho, toboa tundu moja ubavuni mwa ndoo ya chini, chini kidogo ya kitako cha ndoo ya juu. Tundu hilo ni muhimu sana. Maji yakianza kutoka hapo, tangi limejaa, acha kumimina. Na mvua ikinyesha, maji ya ziada yatatoka yenyewe, mizizi isizame ikaoza.

Sasa mbu. Tangi lililo wazi ni nyumba ya mbu, nasi hatutaki kupata mboga pamoja na malaria. Mdomo wa bomba uzibwe kwa gunzi la mahindi. Tundu la ubavuni lifunikwe kwa kipande cha chandarua kuukuu.

Udongo wake uwe mafungu mawili ya udongo mzuri wa juu, fungu moja la samadi iliyooza, na fungu moja la mchanga. Samadi mbichi itaunguza miche. Wengi wamezoea kuweka kokoto chini ya kila chombo cha kupandia. Katika ndoo ya utambi usiweke. Kokoto zina nafasi pana, na maji hayapandi katika nafasi pana. Utakuwa umekata njia kati ya utambi na udongo.

Bustani ya kiroba ni mambo mengine. Pale mawe yanakaa katikati kama nguzo, kwa sababu maji yanamiminwa juu na yanatakiwa kushuka. Njia ya kiroba haikuja leo katika mkoa wetu. Kati ya mwaka 2013 na 2018, mradi wa utafiti ulioitwa Trans-SEC ulifanya kazi na wanavijiji wa Ilolo na Idifu, wilaya ya Chamwino. Waliokuwamo ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na watafiti kutoka Ujerumani. Bustani za mifuko zilikuwa mojawapo ya mambo waliyoyajaribu pamoja na wakulima. Ni majirani zetu, na mvua yao ni hii yetu. Mwenye ndugu huko na amwulize.

Turudi kwenye ndoo, tuzipandishe ghorofa. Juu ya udongo wa ndoo kubwa, katikati, kalisha ndoo ya lita 10 iliyotobolewa kitakoni na kujazwa udongo. Pembeni yake panabaki duara la kupandia sukuma wiki au chainizi. Ndoo ya juu panda mchicha, mnavu au vitunguu vya majani. Lakini tusidanganyane. Utambi hupandisha maji kwa kimo kifupi tu. Hata koroboi, mafuta yakipungua sana, moto hufifia. Kwa hiyo ndoo ya juu usiitegemeze kwenye tangi la chini. Inyweshe kwa mkono, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Maji yatakayoizidi yatashuka kwenye ndoo kubwa, na yakizidi huko yataingia katika tangi. Maji yaleyale yamefanya kazi mara mbili.

Ghorofa ziishie mbili, au tatu kama ya tatu ni kopo dogo. Ndoo ya lita 20 yenye udongo mbichi ina uzito wa karibu kilo 30. Ikimwangukia mtoto si mchezo. Ikae mahali tambarare, karibu na ukuta, upande usiopigwa na upepo. Kuku hawataifikia ile ya juu kwa urahisi. Mbuzi atazifikia zote, kwa hiyo miiba ni lazima.

Tuje kwenye maji. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa. Maji ya sabuni usiyatie, hasa katika tangi. Na visima vyetu vingi huku vina chumvi, mnaijua kwa ulimi. Katika ndoo ya utambi maji yanapanda, jua linayakausha, chumvi inabaki juu. Ukiona unga mweupe juu ya udongo, ndio hiyo. Kwangua unga huo uutupe. Kisha kila mwezi mara moja mwaga maji mengi juu yapite yote, na yatakayojaa katika tangi uyatoe. Mvua za kwanza nazo ziache zioshe udongo, usizifunike ndoo. Asiyefanya hivyo atapata mboga msimu wa kwanza, halafu atasema ndoo imerogwa.

Hesabu sasa. Andikeni. Tuseme tangi linachukua lita 4. Umelijaza Jumatatu asubuhi, limekauka Ijumaa asubuhi. Hizo ni siku 4. Lita 4 gawanya kwa siku 4, unapata lita 1 kwa siku. Ukiwa na ndoo 6, ni lita 6 kwa siku. Dumu la lita 20 litakutosha siku 3, na lita 2 zitabaki. Huo ni mfano tu. Mwezi wa Oktoba jua litakula zaidi ya mwezi wa Juni. Kila mtu achovye kijiti katika bomba, atie alama, aandike tarehe. Baada ya majuma mawili utaijua ndoo yako kuliko sisi. Halafu linganisha: dumu ni shilingi ngapi, na mafungu ya mchicha uliyoacha kununua ni shilingi ngapi? Kama dumu ni ghali kuliko mafungu, punguza ndoo.

Na hili tulisemeshe wazi, maana tumeshaulizwa. Ndoo sita zitatoa mboga ya kitoweo. Haziwezi kutoa ugali. Mchicha utachumwa baada ya majuma matatu au manne, na sukuma wiki utachuma jani moja moja kwa miezi. Lakini mtama, uwele na karanga vinataka shamba. Akija mtu kukuambia uza eka yako ya mwisho, maana siku hizi watu wanalima kwenye ndoo, mwulize yeye anakula nini. Ndoo ni ya aliyekwisha kubaki na ua, na ya mwenye shamba wakati shamba limekauka.

Wenye umri wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana. Nasi tutafanya kwa vikundi. Jumanne ijayo saa kumi jioni, hapahapa darasani, kila kikundi kije na ndoo mbili kubwa na moja ndogo, tofali, gunzi, msumari na kanga kuukuu. Samadi tutaitoa sisi. Akina baba mje pia. Kutoboa ndoo si kazi ya akina mama peke yao, na kuchota maji vilevile.