Chaza na Majira ya Kaskazi

Leo tuache muhogo kidogo, tushuke kwenye mikoko. Maana wengi wenu asubuhi mko na jembe, na maji yakipwa mnachukua pakacha kwenda kuokota chaza na kombe.

Umepata kujiuliza kwa nini chaza wa mzizi ule ule mara wamenona, mara nyingine ukiwafungua ni maji matupu? Jibu limo mwilini mwao. Humo mna vimeng'enya, ndivyo vinavyovunja chakula kikawa nguvu. Chaza hana joto lake mwenyewe. Joto lake ni la maji. Wakati wa kusi bahari yetu hushuka hadi karibu digrii 25, na vimeng'enya hufanya kazi polepole. Kaskazi ikishika, maji yanakaribia digrii 30, kazi inakwenda mbio na chakula kingi zaidi kinahitajika. Kisipotosha, chaza anakula ghala lake. Ghala hilo ni wanga uitwao glikojeni, uo huo unaompa utamu. Akishataga ndiyo basi, amebaki gamba na maji. Kome wa Uingereza nao hujaza ghala wakati wa joto, wakalitumia majira ya baridi kutengenezea mayai.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo hasara ilipo. Maji yakipwa chaza hufunga gamba, na hewa inamwishia. Hafi upesi, la. Baadhi ya vimeng'enya hupunguza kasi, kama taa iliyoteremshwa utambi, na vingine huvunja wanga bila hewa. Lakini njia hiyo hutoa nguvu kidogo sana, na huacha asidi mwilini. Nawe unamtia guniani, unamwacha kwenye jua la saa sita mpaka gari lije! Mwezi wa Februari huyo atafikaje sokoni akiwa hai?

Basi weka pakacha kivulini, ulifunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Usiwatumbukize kwenye ndoo ya maji ya kisima, ni kuwaua. Kabla ya kupika, gonga gamba lililo wazi: aliye hai atafunga. Asiyefunga mtupe, hata kama mama mkwe anasubiri mchuzi.

Na ukifika mikokoni, fungua wawili watatu kwanza. Ukiona ni maji matupu, waache wenzao mizizini wajaze ghala tena, wewe rudi kwenye muhogo.