DENI LIKIUZWA
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hapa Likoni, Kisauni na Changamwe wengi wamejenga nyumba bila ardhi. Aliyejaliwa kupata hati ya kiwanja ameipata kwa taabu, na akiiweka rehani ameweka jasho la maisha yake. Basi yampasa ajue: akishindwa kulipa, mkopeshaji aweza kumwuzia mtu mwingine deni hilo bovu, na mgeni huyo akawa ndiye mdai.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1990 Uganda iliunda shirika la kuchukua madeni mabovu ya Uganda Commercial Bank. Huko Ireland, makampuni yalipokwisha kununua rehani nyingi, sheria ya mwaka 2015 iliwataka wasimamizi wa madeni hayo wapate idhini ya Benki Kuu. Mwaka 2018 ikawafikia wenye madeni wenyewe.

Kanuni ni hii: anunuaye deni hununua haki aliyokuwa nayo muuzaji, wala hapati zaidi. Ngao yetu ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Mdaiwa aliyechelewa mwezi mmoja hupewa ilani ya muda usiopungua miezi 3, kisha ilani ya kuuza ya siku 40. Kabla ya mnada nyumba hukadiriwa thamani, na mdai hana budi kutafuta bei bora ipatikanayo. Wala nyumba ya ndoa haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya mume na mke.

Lakini pana pengo. Tangu mwaka 2007 Sheria ya Mabenki huzuia riba ya deni bovu isizidi mkopo uliokuwa umesalia siku lilipoharibika. Mpaka huo waliandikiwa mabenki. Deni likiangukia mikononi mwa asiye benki, mdaiwa atashika wapi? Sisemi uuzaji upigwe marufuku, kwani mkopeshaji asiyeweza kuutua mzigo atawanyima mikopo wenye kipato kidogo. Nasema sheria itamke wazi kwamba kila mpaka husafiri pamoja na deni.

Nasi tusilale. Barua ya mdai isifichwe chini ya mto. Mdai mpya akitokea, aombwe kwa maandishi uthibitisho wa mauzo na hesabu kamili, kabla hajapewa hata shilingi moja. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini alipwe anayestahili, na kwa kiasi cha haki.