"Huyu Amelewa Tu": Majeruhi wa Kichwa Katika Saa za Mwanzo

Mada kwa semina ya matabibu na wauguzi wa vitengo vya dharura



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali ambayo sitaitaja. Akaletwa dereva wa bodaboda aliyeanguka akitoka harusini. Kofia ngumu hakuvaa, na harufu ya pombe ilimtangulia mlangoni. Macho yalikuwa wazi, anajibu ovyo, ukimwambia nyanyua mkono ananyanyua. Nikaandika kwenye faili: "14, amelewa, aangaliwe." Ilikuwa saa nne na dakika kumi usiku. Mstari unaofuata kwenye karatasi ile uliandikwa saa kumi na moja alfajiri, kwa mwandiko usio wangu: mboni ya kulia imepanuka, haisinyai kwa tochi, jumla 6. Katikati hapana kitu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alitueleza baadaye kwamba mwenzake alikuwa "anakoroma vizuri."

Kukoroma kule ndiyo mada yangu ya leo.

Ubongo huumia mara mbili. Kuna jeraha la pigo lenyewe, ambalo hatuna la kulifanya, na kuna jeraha la baadaye: damu inavilia, ubongo unavimba, na fuvu la mtu mzima halitanuki. Mwaka 1975 watafiti wa Glasgow, Uskochi, walieleza habari za majeruhi waliofika wakiongea kisha wakafa. Mtu akishaongea baada ya kuumia, ujue pigo la kwanza halikummaliza. Kinachomfuata hapo mara nyingi ni kitu ambacho kingeweza kuonekana mapema, kama kungekuwa na mtu anayetazama.

Mji huohuo ulikuwa umetupa chombo cha kutazamia. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett walichapisha kipimo cha Glasgow ambacho sote tunakitumia: macho alama 4, maneno 5, viungo 6, na jumla yake leo inaanzia 3 hadi 15. Hakihitaji umeme wala kitendanishi. Tatizo lake ni kwamba tunakipima mara moja, tunaandika jumla, halafu tunaondoka. Jumla inaficha mengi. Majeruhi wawili wenye 10 wanaweza kuwa na hali mbili tofauti kabisa, kwa hiyo andikeni kila sehemu peke yake. Kisha rudini. Alama 13 iliyokuwa 15 saa moja iliyopita inatisha kuliko 13 ambayo haijasogea tangu jioni.

Sehemu ya maneno inahitaji uangalifu wa pekee kwetu, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Salamu zetu zinajijibu zenyewe. Ukimwambia mzee "shikamoo" atasema "marahaba" hata kama hajui yuko wapi. Ukiuliza "habari za nyumbani" utapata "nzuri" kutoka kwa mtu ambaye nyumba yenyewe haikumbuki. Nimeona mgonjwa akipewa 5 kwa sababu ya "marahaba" moja. Mwamkieni, ni heshima, ila msimpe alama kwa hilo. Muulizeni amefikaje hapa na nani kamleta. Kinyume chake pia kipo: bibi anayezungumza Kiiraqw peke yake anaulizwa kwa Kiswahili huu ni mwezi gani, ananyamaza, anaandikiwa amechanganyikiwa. Mwiteni mjukuu aliyekuja naye atafsiri, kisha andikeni kwamba mmetumia mkalimani na ni wa lugha gani.

Sasa pombe. Imani yetu ni kwamba mlevi hapimiki, basi tusubiri imtoke. Sperry na wenzake waliiangalia imani hiyo nchini Marekani, na matokeo yao ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kwa majeruhi wa ubongo pombe haikuishusha alama ya Glasgow kwa kiasi chenye maana kitabibu. Alama ikiwa chini, fikirieni ubongo kwanza. Kanuni ya Kanada ya siti skani ya kichwa, iliyochapishwa na Ian Stiell na wenzake mwaka 2001 baada ya kuwafuatilia majeruhi 3,121, haina msamaha kwa walevi. Inawahusu watu wazima wenye alama 13 hadi 15 waliozimia, waliopoteza kumbukumbu au waliochanganyikiwa. Asiyefikia 15 saa mbili baada ya kuumia yuko hatarini. Vivyo hivyo aliyetapika mara mbili au zaidi, mwenye miaka 65 na kuendelea, anayeshukiwa kuwa na fuvu lililobonyea au lililo wazi, na mwenye dalili za kuvunjika kitako cha fuvu, kama macho yote mawili kuvilia damu au majimaji kutoka sikioni. Pasipo na mashine, mimi naisoma orodha hiyo kama orodha ya kuita gari la wagonjwa.

Wakati gari linasubiriwa, lindeni presha na oksijeni. Uchambuzi wa Chesnut na wenzake wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba namba ya juu ya presha kushuka chini ya 90, hata mara moja, iliambatana na ongezeko kubwa mno la vifo. Dripu na oksijeni si kazi ya kungojea bingwa.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi, isipokuwa kwa moja. Kwa zaidi ya miaka 30 madaktari duniani waliwapa majeruhi wa kichwa stiroidi, kwa nia njema na kwa hoja iliyosikika ya kisayansi: zinapunguza uvimbe. Jaribio la CRASH likawapanga watu 10,008 kwa bahati nasibu, nusu dawa, nusu dawa bandia. Matokeo ya mwaka 2004: katika wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa stiroidi, dhidi ya 17.9 ya wasiopewa. Jaribio likasimamishwa kabla ya kufikia watu 20,000 waliokusudiwa. Hata hivyo bado nakuta deksamethasoni kwenye faili za rufaa, imeandikwa kwa mkono usiotetemeka.

CRASH-3 ya mwaka 2019, yenye watu 12,737, iliipima asidi ya traneksamiki. Kwa majeruhi wote waliotibiwa ndani ya saa tatu tofauti ya vifo vya kichwa haikuthibitika. Nafuu ilionekana kwa wenye majeraha madogo na ya wastani. Saa tatu hizo zinahesabiwa tangu ajali, si tangu mapokezi.

Na kwa wanaosema bila vifaa vya Ulaya hatuwezi: jaribio la mwaka 2012 lililofanyika Bolivia na Ecuador lililinganisha kupima msukumo ndani ya fuvu kwa kifaa na kumfuata mgonjwa kwa uchunguzi wa mwili na picha. Matokeo hayakutofautiana. Ila kundi la pili nalo lilifuatwa kwa ratiba kali, usiku na mchana.

Hapa nyumbani, hospitali ya KCMC, Moshi, wameweka rejesta ya majeruhi wa ubongo, na kutokana na kazi hiyo wakatengeneza mazungumzo mafupi ya kitandani yaitwayo Punguza Pombe kwa Afya Yako. Napenda mpangilio huo: ulevi unazungumzwa na mgonjwa akishapata nafuu, badala ya kumhukumu mlangoni.

Nimekuja na rasimu ya karatasi ya uangalizi. Ina safu tatu za alama badala ya moja, safu ya mboni, presha, oksijeni, lugha iliyotumika, na mistari ya kila nusu saa kwa saa mbili za kwanza. Nafasi ya kuandika "amelewa" nimeiacha, lakini haiko peke yake. Pembeni yake kuna kisanduku cha saa ya kupimwa tena na jina la atakayepima. Nakala ziko meza ya nyuma. Chukueni, mzitumie wiki mbili, mnirudishie zikiwa zimechafuliwa kwa kalamu.