Ndege Bila Fundi Si Silaha



Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali kutusaidia kuunda kikosi cha anga. Mwaka 1965, kwa sababu tu tuliruhusu Ujerumani Mashariki ifungue ubalozi mdogo Dar es Salaam, ikawaondoa wakufunzi wake. Mwalimu Nyerere hakupiga magoti; aliitaka iondoe na misaada yake mingine. Kanada ikaja kufundisha marubani wetu. Na katika miaka ya 1970 Uchina ikatupatia ndege za kivita.

Somo ni lipi? Achaguaye ndege hachagui bati na injini peke yake. Huchagua pia atakayemfundisha rubani, atakayeuza vipuri, na atakayeweza kuvizuia siku ya mgogoro. Jahazi liendalo Mafia halivushwi na tanga tu. Lina nahodha, na lina fundi wa kulikalafati.

Kwa hiyo kila mkataba wa ndege za ulinzi upimwe kwa swali moja: baada ya miaka mitano, nani atazitengeneza? Jibu lisipokuwa vijana wetu, hapo rahisi ni ghali. Na vijana hao, ndugu walimu, wamo madarasani mwenu, wakingoja hesabu na fizikia.